Kupimwa Nia Mtaa wa Kota

Msomaji akidhani nchi ninayoisimulia ni ya kwao, namwomba asijipe presha. Nchi ya kwao haiwezi kuwa na amani kama ya kwetu. Sisi wa Jamhuri ya Upoleni tuna amani nyingi kiasi kwamba imebidi iundwe wizara ya kuilinda, wizara ikapewa marungu, na mtu akiitilia shaka amani hiyo hufikishwa hospitali akiwa ameshaamini.

Mimi ni mjumbe wa Mtaa wa Kota. Kazi yangu ni kuwajua watu wangu nyumba kwa nyumba, kuwapelekea maneno ya serikali, na kupiga makofi wakubwa wakipita. Nasema mapema ili ijulikane kuwa mimi si mpinzani. Jino langu la mbele liling'oka kwenye mkutano wa kuhimiza umoja, na sijawahi kulalamika.

Nyumba za mtaa wetu zilijengwa zamani na Halmashauri kwa ajili ya wafanyakazi wake: wafagiaji, wazima moto, madereva wa greda. Vyumba viwili, baraza, jiko ubavuni na choo cha nje. Siku moja Halmashauri ilichoka kuziba mabati yanayovuja, ikawauzia waliokuwamo. Tulishangilia sana. Lakini mzazi hata akimwoza binti yake haachi kuuliza habari zake. Kwa hiyo ikawekwa sheria: aliyenunua nyumba kwa Halmashauri akitaka kumuuzia mwingine, lazima Halmashauri itoe ridhaa. Bila ridhaa, muuzaji hajauza na mnunuzi hajanunua, hata kama hela zimeshaliwa.

Na ridhaa haitolewi ovyo. Wataalamu walijifungia hotelini, wakala, wakagundua kwamba watu wengi huuza na kununua nyumba bila nia ya dhati. Ndipo ikaanzishwa kazi ya Kupima Nia. Utaratibu wake ni mwepesi, hata mtoto anauelewa. Kila upande unalazwa kifudifudi kwenye benchi, na Mpima Nia anaushughulikia kwa rungu. Ukisema "basi", nia yako ilikuwa ya juujuu. Umejitoa, na haki yako yote katika nyumba imekwisha. Usiposema, unaendelea kupimwa mpaka Mpima Nia aridhike. Mpima Nia wetu, Sajini Gobore, ni kijana wa shamba, mnywaji wa maziwa, mwenye afya njema. Si mtu wa kuridhika upesi.

Ndiyo maana tangu sheria ianze hakuna aliyekuwa amepata ridhaa. Waliosema basi walijitoa. Wasiosema tuliwazika kwa heshima zote. Nyumba za makundi yote mawili zilirudi Halmashauri, na wakubwa wakazigawana ili zisikae bure.

*

Bi Siwatu alikuwa mpishi wa shule ya msingi. Ugali wa shule nzima ulipita mikononi mwake, na mwiko wake ulikuwa na urefu wa mtu mzima kasoro kichwa. Maisha yake yote alipanga chumba kwenye nyumba za watu, na kila mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa akiba na tabia ya kuingia bila hodi.

"Mjumbe," aliniambia siku alipokuja kwangu, "mimi sitaki makuu. Nataka nikifunga mlango, niwe nimefunga."

Alinunua nyumba ya Mzee Pazi, dereva wa greda mstaafu. Mzee alikuwa amefiwa na mkewe na alitaka kwenda kumalizia siku zake kwa dada yake. Wakapeleka maombi ya ridhaa, wakaambiwa wasubiri kwa kufuata kanuni.

Kanuni zenyewe ni za haki kabisa. Mnunuzi asiingie ndani, maana hajaridhiwa. Wala asiondoke, maana ataonekana ameitelekeza nyumba. Muuzaji asitoke, maana nyumba bado ni yake. Wala asijinyooshe kama yuko kwake, maana ameshaiuza. Mzee Pazi akawa anakaa ukumbini juu ya sanduku lake lililofungwa tayari kwa safari. Bi Siwatu akawa anakaa barazani na sufuria zake. Masika yakawakuta hivyo.

"Mwanangu, mvua inakupiga," Mzee Pazi alimwambia kupitia dirishani. "Sogea walau hapa ukumbini."

"Nikisogea nimevunja sheria, baba."

"Ngoja nami nitoke, tunyeshewe wote."

"Ukitoka utakuwa umevunja wewe. Kaa. Pokea uji wako, usipoe."

Alimpikia hivyo kila siku, akimpitishia bakuli kwenye nondo za dirisha, na mzee naye akimsimulia barabara alizozichonga kwa greda lake nchi nzima. Mtu asiyejua angedhani ni baba na binti.

Akienda kazini, Bi Siwatu aliruhusiwa kuacha kanga yake kwenye komeo la mlango imwakilishe. Siku moja doria ilipita. Askari waliiuliza kanga maswali mawili matatu, haikujibu, wakaipiga mpaka ikachanika. Nilikuwapo. Kusema kweli ilikuwa na kiburi.

Kulikuwa pia na jirani yao, Kombo, fundi cherehani, ambaye naye alikuwa anasubiri ridhaa ya nyumba yake. Yeye alikwenda ofisini kuuliza kwa nini mambo yanachelewa. Juu ya mlango wa ofisi ile wameandika kwa rangi nyekundu: Asiyesikia la Mkuu Huvunjika Guu. Kombo anajua kusoma, lakini aliingia. Alirudi amebebwa kwa machela, na tangu siku hiyo anapiga cherehani kwa mguu mmoja.

*

Hatimaye siku ya kipimo ikafika. Walianza na nyumba, kwa kuwa nayo ni mhusika. Askari waliizunguka wakaitandika marungu na nyundo huku Mzee Pazi yumo ndani, na ukuta wa jiko ukaanguka wote. Karani wa Halmashauri akaandika: nyumba imeinama kwa heshima.

Kisha Mzee Pazi akatolewa, akalazwa kwenye benchi. Sajini Gobore akakunja mikono ya shati.

Mzee hakusema lile neno. Rungu likishuka, yeye anataja barabara. "Ya Mnazini," anasema, na rungu linashuka. "Ya Kwa Chifu." Rungu. "Ya hospitali ya wakoma, ile tuliyoichonga kwenye mawe." Macho yake yalikuwa kwa Bi Siwatu, ambaye alishikwa na askari wawili asisogee. Alipomaliza barabara za wilaya yetu alianza za wilaya jirani, na katikati ya daraja moja akanyamaza. Sajini aliendelea kidogo kwa ajili ya uhakika. Karani akaandika: muuzaji ameridhia kimyakimya. Daktari wa Halmashauri alithibitisha kuwa nia ya marehemu ilikuwa thabiti, hasa mgongoni.

Kusema kweli iliniuma. Nilipiga makofi, lakini taratibu.

Bi Siwatu alipimwa siku ya pili yake, kwa kuwa sheria haina matanga. Alitia kipande cha ile kanga iliyochanika mdomoni, akakiuma, akalala kwenye benchi ambalo lilikuwa bado na damu ya mzee. Sajini alimpima asubuhi, akaenda kunywa maziwa, akarudi kumpima. Tukasikia mlio mkavu, tukajua sasa mfupa umekwenda. Haukuwa mfupa. Lilikuwa rungu. Sajini alisimama na kipande mkononi kama mtoto aliyevunja mtungi wa bibi yake.

Bi Siwatu akatoa kanga mdomoni, akatema damu pembeni, akauliza:

"Afande, ufunguo nachukua kwa nani?"

*

Habari za rungu kuvunjika kabla ya nia zilimfikia Mkurugenzi wa Ridhaa, Mheshimiwa Ndimbo Makeke. Akaona hiyo ndiyo nafasi ya kuwaonyesha wanaotusema vibaya kwamba ridhaa hupatikana. Likaandaliwa tamasha. Nyumba ikapambwa kwa vitambaa vya bendera, ukuta ulioanguka ukafunikwa kwa picha kubwa ya Mheshimiwa, na ufunguo ukawekwa kwenye sinia la fedha. Bi Siwatu alisimama, kwa sababu kukaa hakuweza. Aliegemea mwiko wake.

"Ndugu wananchi!" alianza Mheshimiwa Makeke. Mikrofoni ilipiga kelele, askari akaipiga, ikatulia. "Wapo wanaopita mitaani wakisema tunapiga watu. Uzushi! Sisi hatupigi, tunapima! Wahenga walisema, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Tumewaliza nyinyi ili taifa lisilie! Kila kovu mlilonalo ni pambo la maendeleo! Na msidhani sheria hii inamwonea mnyonge. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma! Mnunuzi ni upande, muuzaji ni upande, nayo Halmashauri ni upande kama upande mwingine wowote! Na Halmashauri ni nani? Halmashauri ni mimi!"

Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

"Sasa," aliendelea, akinyanyua ufunguo, "kwa mamlaka niliyokabidhiwa, namkabidhi mama huyu..."

"Samahani, Mheshimiwa," akasema Bi Siwatu.

"Sema, mama, usiogope. Toa shukrani."

"Nia ya muuzaji imepimwa, Mungu amrehemu. Yangu imepimwa, hata kukaa siwezi. Ya nyumba imepimwa, jiko liko chini hapo nyuma ya picha yako. Umesema Halmashauri nayo ni upande. Nia yake imepimwa lini? Nisije nikaingia ndani, kesho mkaniambia ridhaa ina kasoro."

Mheshimiwa alicheka. "Mama ana utani huyu!" Akatafuta mtu wa kucheka naye, akaniona mimi, nikacheka. Lakini Sajini Gobore hakucheka. Ni mtu wa utaratibu yule. Alifundishwa sentensi moja, kila upande upimwe, na aliishika kama sala.

"Mheshimiwa," akasema, akipiga saluti, "benchi lipo."

"Umerukwa na akili, Sajini?"

"Kila upande, Mheshimiwa. Ila rungu ndiyo sina."

Bi Siwatu akaliacha egemeo lake. Akamkabidhi mwiko.

Walinzi wa Mheshimiwa wangeweza kuingilia. Ila nao walikuwa wamenunua nyumba za kota, nao walikuwa wanasubiri ridhaa, na ghafla wote wakaanza kutazama mawingu. Mheshimiwa alilazwa na suti yake. Sajini alipima umbali, akanyanyua mwiko uliosonga ugali wa vizazi, akaushusha mara moja.

"Basi!" akalia Mheshimiwa Makeke, kwa sauti nyembamba ambayo hatukujua kama anayo. "Basi, jamani! Basi!"

Karani alikuwa amezoea kuandika anachosikia. Akaandika: Halmashauri imejitoa. Haki yake yote katika nyumba imekwisha.

Bi Siwatu aliokota ufunguo uliodondoka, akapanda baraza akichechemea, akaingia, akafunga. Tulisikia kitasa kikizunguka. Picha ya Mheshimiwa ilikuwa imeshapeperuka, kwa hiyo kila mtu alimwona kupitia pale palipokuwa na ukuta wa jiko: amepiga magoti mbele ya sanduku la Mzee Pazi, analia kwa sauti. Mtaa mzima uligeuza uso, kwa sababu mwenyewe alikuwa amefunga mlango.

Kisha walinzi wakakumbuka kazi yao. Tulipigwa wote mpaka jua likazama, wazee kwa watoto, na mimi nikapigwa kwa sababu nilicheka, mwingine akapigwa kwa sababu hakucheka.

*

Sheria ilirekebishwa upesi. Halmashauri itaendelea kupimwa nia kama upande mwingine wowote, lakini kwa kuwa ina shughuli nyingi, itapimwa kupitia mwakilishi. Mambo ya uwakilishi hayakuwa mageni kwetu. Kanga ilishafungua njia. Mwakilishi aliyeteuliwa nilikuwa mimi.

Mheshimiwa alinivisha kofia kwa mkono wake, akiwa amekalia mto wa sufi. "Mjumbe," akaniambia, "kuanzia leo wewe ndiye Halmashauri. Ukisema lile neno, umeiuza nchi."

Nilitokwa na machozi ya furaha. Akanikataza hapo hapo, akasema nisijizoeze.

Kila Jumanne nililala kwenye benchi, wa kwanza. Sajini Gobore alinipima kwa mwiko wa Bi Siwatu, ambao ulitaifishwa. Jumanne ya kwanza ilichukua sikio la kushoto. Nyingine ilichukua mbavu, nikajifunza kuvuta pumzi vipande vipande. Mimi ni mzalendo, sikusema. Sajini aliporidhika na uthabiti wa Halmashauri, nilitolewa, na mwombaji wa siku hiyo akalazwa juu ya damu yangu. Akisema basi, amejitoa; asiposema, nilikwenda kutangaza msiba. Halmashauri haikupoteza nyumba hata moja. Nilipewa cheti, nikashindwa kukipokea kwa sababu ya vidole.

Jioni za Jumanne Bi Siwatu alikuja na maji ya moto na chumvi.

"Pole, Mjumbe."

"Pole ya nini? Hii ni heshima, mama."

"Heshima gani ya kukojoa damu?" Akakamua kitambaa, akakiweka mgongoni. Niliuma shuka. "Leo nani alikufuatia benchini?"

"Mama Chiku."

"Akafanyaje?"

"Amejitoa."

"Na watoto wake wanalala wapi leo?"

Walikuwa wanalala chini ya gari bovu la zimamoto, nilikuwa nimewaona wakati nabebwa kurudi nyumbani.

"Ungetangulia kusema wewe, neno lile lile alilomwambia Sajini yeye, wangekuwa ndani wamefunga."

"Ningeiuza nchi."

"Nchi gani, Mjumbe? Vyumba viwili na choo cha nje?" Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, akiosha. "Mzee Pazi alinyamaza kwa sababu alikuwa na mtu wa kumwachia. Wewe unamnyamazia nani?"

Alipoondoka nililia, na ole wake atakayempelekea Mheshimiwa habari hiyo.

*

Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu ya Kombo. Alikuja na gongo lake, akasimama mbele kabisa. Mheshimiwa Makeke alikuwapo na mto wake. Siku hizi hapendi kukosa. Nikavua kofia, nikalala.

Sajini akanyanyua mwiko. Kutoka pale benchini, kwa jicho lililobaki wazi, nauona mguu wa Kombo uliopinda, na nyuma yake naona mtaa wangu wote, mabati yake, mabaraza yake, nyumba ninazozijua kama ninavyoujua ulimi wangu. Mwiko ukatua kwenye ubavu ule ule uliovunjika.

"Basi," nikasema.

Mheshimiwa akaruka kutoka kwenye mto wake. "Haihesabiki! Amesema kwa maumivu!"

"Wote husema kwa maumivu, Mheshimiwa," akajibu karani, huku anaandika. Nyumba ya Kombo, Halmashauri imejitoa.

Nikasikia gongo la Kombo likianguka, naye akilia kama mtoto. Sajini akataka kuninyanyua. Nikashika mguu wa benchi.

"Na ya Mama Chiku," nikasema.

Sajini akafikiri. "Nyumba nyingine," akasema, "kipimo kingine."

"Nipime."

Mwiko ukatua. "Basi," nikasema. Karani akaandika.

"Ya Mzee Mbwana na wajukuu zake." Mwiko. "Basi. Ya mabinti wa marehemu Tausi." Mwiko. "Basi!" Mheshimiwa alikuwa anapiga kelele sheria isimamishwe, walinzi wanatazama mawingu, na kila nilipotaja jina, mtu mmoja katika umati alitoka mbio kwenda kufunga mlango wake. Sikupiga makofi siku hiyo. Nilikwenda upande wa kulia wa mtaa mpaka kisimani, nikarudi upande wa kushoto, nyumba kwa nyumba, kama kazi yangu inavyotaka. Yangu niliitaja pia, ya mwisho.

Sajini Gobore alikuwa anahema. Jasho lilimtiririka, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameridhika. Akashusha mwiko chini, akainama kwenye sikio langu lililobaki, akaniuliza kwa adabu zote:

"Mheshimiwa Halmashauri, umemaliza?"

Mdomo ulikuwa umejaa damu, na sikuwa na meno ya kuizuia.

"Bado," nikamwambia. "Hatujafika mtaa wa pili."